Mama Kemisti: Mtoto Hajawahi Kumeza Dawa, Usugu Umetoka Wapi?

Toleo lililopita niliomba mniandikie kuhusu dawa za watoto, nikitarajia barua tano sita za kikohozi. Imekuja bahasha nzima ya kaki, na nusu ya barua zinauliza jambo lile lile: mbona dawa iliyomponya mtoto wa kwanza imeshindwa kwa wa tatu? Nimechagua chache. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi si daktari, ingawa kwa miaka 22 niliyosimama nyuma ya kaunta ya kemisti kule Kondele, Kisumu, kila mteja aliniita "dakta" na sikuwahi kukataa. Nilisomea famasia kiwango cha diploma. Sasa nimestaafu, naishi upande wa Ahero, na mbuzi wangu hawaniiti chochote.

"Nilimzoesha dawa lini?"

*Mama Kemisti, habari za Ahero? Binti yangu ana miezi 14. Mwezi uliopita alishikwa na homa siku nne, hana kikohozi, hana mafua, ila analia kila akikojoa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Hospitalini walichukua mkojo wakauotesha, wakamwanzishia dawa ya maji tukingoja majibu. Siku ya tatu homa ingalipo, majibu yakatoka: bakteria aitwaye E. coli, na mbele ya amoksilini wameandika R, mbele ya septrini R, na dawa nyingine mbili pia R. Daktari akasema vidudu hivi ni sugu, akambadilishia. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini mama mkwe anasema nimemharibu mtoto kwa kumzoesha dawa. Huyu mtoto hajawahi kumeza antibiotiki hata tone tangu azaliwe, na ninamnyonyesha mpaka leo. Nilimzoesha lini?*
*Mama wa Nyalenda, Kisumu*

Mwambie mama mkwe, kwa adabu zote anazostahili, kwamba mwili wa mjukuu wake haukuzoea kitu. Lugha yetu ndiyo inayotupoteza. Tunasema "mtoto amezoea dawa" kama mtu anavyozoea chai ya sukari nyingi. Aliyezoea ni bakteria, na bakteria hana kwao. Leo yuko kwa jirani, kesho amehamia kwako.

E. coli anaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu, wako na wangu, bila kelele. Taabu huanza anapopenya njia ya mkojo. Kwa mtoto wa kike njia hiyo ni fupi na iko jirani na njia ya haja kubwa, tena wako bado yumo kwenye nepi. Hospitali ilifanya vizuri kuchukua mkojo kabla ya kumpa dawa. Ukianza na dawa, mara nyingi mkojo hauoteshi kitu na mnabaki kubahatisha.

Niliwahi kupelekwa maabara kuonyeshwa wanavyofanya, na tangu siku hiyo sibishani na karatasi ya majibu. Bakteria wa mgonjwa hupakwa kwenye kisahani chenye chakula chao, kitu kama uji uliogandishwa. Juu yake huwekwa vikaratasi vya duara, vidogo kama vile vinavyodondoka ukitoboa karatasi za faili, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kisahani hulala kwenye joto usiku kucha. Asubuhi bakteria wametanda kama ukungu, ila kukizunguka kikaratasi cha dawa inayowaweza kuna duara tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Penye dawa isiyowaweza wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, wamekilalia. Hiyo ndiyo R yako.

Wanawezaje? Wengine hutengeneza vimeng'enya vinavyoikatakata amoksilini kabla haijawagusa. Wengine huitoa dawa nje upesi, kama mvuvi anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Na maarifa hayo huazimana. Bakteria huwa na kipande cha jeni chenye umbo la pete, kiitwacho plasmidi, anachoweza kumnakilia mwenzake, hata mwenzake wa ukoo mwingine. Wewe unakaa ploti Nyalenda, unajua mambo ya ufunguo wa geti: mpangaji mmoja akichongesha wa pili, baada ya mwezi kila mtu anao, mpaka mgeni wa mgeni. Plasmidi moja yaweza kubeba funguo za dawa nne kwa mpigo, ndiyo maana hizo R zako zilikuja kwa mafungu.

Sasa ufunguo wa bintiyo ulichongwa wapi? Nina orodha ya washukiwa. Kuna jirani aliyemeza vidonge vitatu vya rangi mbili kwa sababu tumbo lilimuuma siku moja. Kuna wewe mwenyewe, ikiwa ulipewa antibiotiki ulipojifungua, maana mtoto huchukua wengi wa bakteria wake wa kwanza kwa mama. Kuna kisima. Kisumu maji ya ardhini yako karibu, na huko Nyalenda na Manyatta visima vifupi na vyoo vya shimo vimekaa bega kwa bega. Mvua ikinyesha, wanaotembeleana si wapangaji peke yao. Na kuku je? Mtu akifuga kuku kwenye ploti na kuwatilia kwenye maji ile poda ya agroveti "vifaranga wasife," aghalabu ni oksitetrasaiklini, antibiotiki kama zetu. Bakteria waliosalimika tumboni mwa kuku wanaangushwa uani. Na bintiyo anatambaa uani.

Mshukiwa mwingine ni mimi. Mwaka 1999, kila Jumamosi jioni, mama mmoja muuza omena wa Obunga alikuja na shilingi ishirini mkononi. "Dakta, nipe amoksilini za ishirini." Nilimhesabia vidonge vinne nikavifunga kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa akivifungua na kunyunyiza ile poda kwenye uji wa mtoto mpaka homa ipungue, kisha vinavyobaki vinangoja homa nyingine. Nisingejua? Nilijua. Nilikuwa na kodi ya duka. E. coli mwenye chakula na joto huzaa kizazi kipya kwa dakika 20 hivi. Piga hesabu tangu 1999. Huenda wale waliomsumbua bintiyo ni vitukuu vya wale niliowalea kwa shilingi ishirini.

Basi fanya haya. Karatasi ile ya majibu usiitupe, ibandike kwenye kitabu cha mama na mtoto. Akipatwa na homa tena isiyo na sababu ya wazi, mwonyeshe daktari karatasi hiyo na uombe mkojo upimwe kabla ya dawa. Ikimrudia, aangaliwe figo. Umpanguse kutoka mbele kwenda nyuma, nepi isikae. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata kama ni ya bomba. Na endelea kunyonyesha, hapo mama mkwe hana la kusema.

"Ya kawaida au ile kali?"

*Kijana wangu ana miaka miwili na nusu. Kila Juni na Julai anakohoa, baridi ya Nakuru unaijua. Nikifika kemisti naulizwa, "Unataka ya kawaida au ile kali?" Nachukua kali, ile ya siku tatu, kwa kuwa mimi ni fundi wa mbao na mama yake anauza soko la Wakulima tangu alfajiri, nani atakumbuka dawa siku tano? Safari hii haikusaidia. Kuna kali kuliko hiyo?*
*Baba wa Kaptembwo, Nakuru*

Fundi, wewe wajua kwamba msumari wa inchi sita kwenye ubao wa dari haushiki zaidi. Unapasua ubao. Kwa mtoto wa umri huo mwenye nimonia ya kawaida, dawa ya kwanza hapa Kenya ni amoksilini, hiyo hiyo "ya kawaida" uliyoikimbia, vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, asubuhi na jioni kwa siku 5. Ya siku tatu, kwa kukisia, ni azithromaisini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilizigawa antibiotiki mafungu matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa uangalifu kwa sababu huzalisha usugu upesi, na za akiba zisizoguswa mpaka nyingine zote zimeshindwa. Amoksilini imo la kwanza. Azithromaisini imo la pili. Kwa hiyo ulipoambiwa "kali" uliuziwa tahadhari ukidhani ni nguvu.

Tena ina tabia moja. Hukaa mwilini siku nyingi baada ya dozi kwisha, ikipungua kidogo kidogo, na bakteria walio kooni na tumboni mwa mtoto huionja ikiwa haba, isiyotosha kuwaua bali inatosha kuwafunza. Watafiti waliwahi kuijaribu kwa watoto wapatao 1,400 waliokuwa wanaruhusiwa kutoka hospitali za Kisii na Homa Bay. Nusu walipewa azithromaisini ya siku 5, nusu dawa tupu, ili waone kama itawazuia kurudi wodini au kufa. Haikuleta tofauti ya maana. Utafiti wenyewe uliitwa Toto Bora, jina zuri nalo.

Lakini nina shaka kubwa kwamba mwanao alihitaji yoyote kati ya hizo. Kikohozi kingi cha watoto ni cha virusi, na antibiotiki haina habari na virusi. Hutenganishi kwa sauti ya kikohozi. Unatenganisha kwa pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, hayupo kwenye kilio, mfunue shati, chukua saa ya simu, hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, pumzi za watoto hazina mpango. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Za haraka, nenda kituo cha afya leo. Mbavu za chini zikibonyea ndani akivuta pumzi, au hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea haamki vizuri, acha randa chini uende hospitali saa hiyo hiyo, usipite kemisti.

Hesabu ikiwa chini ya hapo na anacheza, mpe vinywaji vya vuguvugu na kijiko cha asali usiku. Asali ni kwa aliyepita mwaka mmoja tu. Kwa mchanga yaweza kuwa na mbegu za bakteria wenye sumu ya kulegeza misuli. Jiko la makaa litoke chumbani anapolala. Nimekaa Nakuru miezi mitatu kwa dada yangu, najua mnavyofunga madirisha mwezi wa Julai.

Na angalia kadi yake kama alimaliza chanjo. Ile ya nyumonia inatolewa Kenya tangu 2011. Mtoto asiyeugua hahitaji mjadala huu wote.

Taifodi mara nne

*Mimi ni mwalimu Bungoma. Mtoto wangu wa miaka minane amekutwa na taifodi mara nne tangu Januari. Kila mara tone la damu kwenye kigae, dakika chache, "ana taifodi," sindano siku tano. Hiyo taifodi haiishi?*
*Mwalimu, Bungoma*

Mwalimu, sidhani alikuwa na taifodi mara nne. Sidhani hata mara mbili. Kipimo hicho kinaitwa Widal, ni cha tangu 1896, na kinachotafuta si mdudu mwenyewe bali kingamwili, yaani alama za miguu yake. Mtu aliyewahi kukutana na salmonela yoyote, hata kwa kachumbari ya mwaka juzi, aweza kuonyesha alama hizo akiwa mzima kabisa anacheza mpira. Ukimpima darasa lako lote utapata "wagonjwa" wa kujaza wodi. Ukitaka kuthibitisha taifodi, damu ichukuliwe kwenye chupa maalumu na kuoteshwa. Nacho hakikamati wote, lakini kikikamata kinakuambia na dawa gani inamfaa. Ulizia hospitali kubwa, zahanati nyingi hazina.

Sindano ya siku tano huenda ni seftriaksoni. Hii ndiyo dawa tunayomkimbilia mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Mara nne kwa mwaka, kwa ushahidi wa alama za miguu! Taifodi yenyewe hapa Kenya imekuwa sugu kwa ampisilini, klorafenikoli na septrini kwa miaka mingi, ndiyo maana watu wakapanda ngazi. Tukiimaliza na hii, ngazi inayofuata ni fupi na ni ghali.

Huku magharibi kuna pia ndugu wa taifodi asiyetajwa sana, salmonela zisizo za taifodi. Huyu huingia kwenye damu ya mtoto mdogo aliyedhoofishwa na malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au VVU, na huua. Waliofuatilia wagonjwa huko Siaya walimkuta ni sugu kwa dawa nyingi za kawaida, na baadaye hata kwa hiyo seftriaksoni. Kwa hiyo homa ikija, kwanza malaria ipimwe kwa kipimo cha kweli. Uko Bungoma penye malaria, si Limuru kwenye baridi.

Mwaka 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto. Uliza kama wako aliipata shuleni wakati wa kampeni.

"Nimsagie nusu?"

*Amoksilini ya mtu mzima nikimgawia mtoto wa miaka mitatu nusu, kuna ubaya?*
*Dada, Homa Bay*

Upo. Dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, si kwa kisu cha jikoni. Poda ya kidonge haigawanyiki sawasawa, leo atapata robo, kesho robo tatu. Mpeleke apimwe uzani.

Aliye nyuma ya kaunta

*Mama, nimehitimu mwaka jana, nimeajiriwa kemisti mjini Kakamega. Bosi anahesabu mauzo kila jioni. Mteja akiomba vidonge vitatu vya mtoto, nikikataa anavuka barabara na kununua kwa jirani. Nikimpa najisikia vibaya. Sheria naijua. Vidonge vitatu tu, vina madhara gani hasa, na nifanyeje nisipoteze kazi?*
*Mhudumu, Kakamega*

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ningeipata 1999 ningekuchukia.

Madhara ya vidonge vitatu ni kwamba vinawaua bakteria wanyonge na kuwaachia wababe shamba lote. Ukitaka hesabu ya dunia: mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikadiriwa kufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na karibu mmoja kati ya watano wao alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Lakini takwimu hazimshawishi mteja mwenye shilingi hamsini na mtoto mgongoni. Usimsomee.

Pia usimdharau. Wapo walioniandikia kwa hasira kwamba sisi tunaohubiri "nenda hospitali" hatujui foleni. Wana haki. Foleni ni siku nzima, siku nzima ni kibarua kimepotea, na mara nyingine mwisho wa foleni dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue kwako wewe. Mama anayekuja kaunta hajachagua ujinga, amechagua kilicho karibu. Kwa hiyo kaunta ndiyo iwe mahali pa kumsaidia.

Nilichofanya mimi, kwa kuchelewa, kilikuwa hivi. Nilianza kuuliza kabla ya kuhesabu: anakohoa au anaharisha? Akiharisha maji tu, bila damu, nilimtolea pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji pamoja na zinki ya siku 10. Mara nyingi hiyo ni virusi, na ile flagili aliyokuja kuiomba haina kazi hapo. Na ona, bosi wako bado ameuza! Zinki ya siku kumi ina faida kuliko vidonge vitatu. Damu ikiwemo, nilimwandikia kijikaratasi cha kwenda kituo cha afya, nikaandika na saa, kwa sababu mama akifika na karatasi hujisikia ametumwa, hajisikii amefukuzwa. Kwa kikohozi niliweka kiti kando ya kaunta tukahesabu pumzi pamoja. Dakika moja. Wengi waliondoka na panadol ya maji na moyo mweupe.

Na kama mtu ana karatasi ya daktari ila pesa hazitoshi dozi yote? Hapo ndipo penye mtego. Mpe ya siku za kwanza, andika kwenye kadi kilichobaki, mwambie arudi kesho kutwa na umwekee pembeni. Robo tatu yao walirudi. Waliosalia niliwatumia salamu kwa waendesha boda.

Nilipoteza wateja, sikudanganyi. Miezi miwili ya kwanza jirani yangu alijenga ghorofa kwa wateja wangu, au niliona hivyo. Baadaye wakina mama walianza kuniletea watoto wachanga waangaliwe, na mama wa mchanga hununua vitu vingi. Mwonyeshe bosi daftari lako la miezi mitatu, si maneno. Na ile leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyo ukutani ina jina la mtu. Mkumbushe ni jina la nani litakaloulizwa.

Chupa ya mjukuu

*Ninaandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Mdogo alipewa dawa ya maji ya kifua mwezi wa Februari, siku ya tatu akawa mzima, nikaiweka kabatini isipotee bure. Sasa anakohoa tena. Ingali nusu chupa. Naweza kumpa? Na mwenzake mchanga je, tone moja?*
*Kukhu, Mumias*

Kukhu, mulembe. Ninakuelewa, kwetu pia hakitupwi kitu. Lakini hii haifai, na haina uhusiano na uchoyo. Dawa ya maji ya amoksilini huja ikiwa unga, tunautia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kwenye alama ya chupa, na tangu saa hiyo inahesabiwa siku. Baada ya wiki moja hivi kabatini imeshaanza kupoteza nguvu. Ya Februari ni maji matamu yenye dawa haba ndani yake, na dawa haba ndiyo shule ya bakteria. Mchanga usimpe hata tone. Akiwa hajafika miezi miwili na ana homa au hanyonyi vizuri, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, usiku usimkute nyumbani.

Uliuliza pia, nyuma ya karatasi, kama mtoto akipona siku ya tatu si dhambi kuacha. Siku hizi wataalamu wenyewe wamefupisha dozi nyingi, ya nimonia ya kawaida ni siku 5, si wiki mbili za zamani. Lakini koo la bakteria bado lina siku 10 kwa penisilini, kwa sababu likiachwa nusu laweza kuja kuugusa moyo miaka ya mbele. Kwa hiyo muulize aliyeandika ni siku ngapi na kwa nini, kisha mpe hizo, zisipungue zisizidi. Pima kwa bomba la plastiki au kikombe kinachokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani nimewahi kuvipima kwa maji dukani kwangu: vitatu vya nyumba moja, hakuna viwili vilivyolingana.

Hicho kilichobaki usikimwage chooni wala kwenye mto. Kirudishe kwenye kemisti au zahanati ukienda Mumias mjini, wana ndoo yao. Na chupa yenyewe, Kukhu, najua utatamani kuiosha uwekee mafuta ya taa. Usifanye hivyo. Mdogo anaikumbuka, na anakumbuka kwamba ilikuwa tamu.